Njiwa wa Ami Bakari

Njiwa wakiruka kundi zima kwa pamoja, mabawa yao hulia kama mtu anayekung'uta kanga iliyolowa. Hapa mtaani kwetu Kuze wamejaa mapaani, na mjukuu wangu huwatupia mchele uani asubuhi. Mimi huwafukuza kwa ufagio. Majirani wananiona kizee mwenye roho mbaya, anayewanyima viumbe wa Mungu punje mbili za mchele. Wacha wanione. Nyinyi nitawaambia sababu, ila mnivumilie nikipotea njia, maana shule nilitolewa darasa la tatu nikawekwa jikoni, na kupanga maneno sikufunzwa na mtu.

Baba yangu alikuwa mshoni wa kanzu. Cherehani yake ilikaa barazani kwetu, na mpaka leo nikisikia cherehani ya miguu nasikia na kikohozi chake katikati, maana kifua ndicho kilichomuua, mwaka mmoja hivi baada ya uhuru. Alikuwa mtu wa kimya. Ujanani mwake, babu alipata uwezo wa kwenda hija na mwanawe mmoja tu, na zamu ilikuwa ya Baba, mkubwa. Baba akasema aende mdogo wake Bakari, yeye atabaki na duka la babu, hija yake itakuja. Haikuja. Zilikuja kanzu za watu, na arusi za watu, na mimi na ndugu zangu na maradhi yetu. Alipoona anakufa alimshika Mama mkono akamwambia neno moja la wasia: ahijiwe.

Kwa wasiojua, maiti huhijiwa. Mtu hutumwa Makka kwa niaba yake, akanuia kwa jina lake, akasimama Arafa kwa ajili yake, na hija ikaandikwa ya yule aliye kaburini. Lakini sheria yetu yataka anayetumwa awe ameshajihijia mwenyewe kwanza. Basi nani mwingine? Ami Bakari, ndugu yake Baba, aliyekwenda kwa nafasi ya Baba, sasa angeilipa nafasi ile. Kila mtu aliona ni jambo zuri, kama kwamba Mungu mwenyewe amelipanga.

Mama alitoka eda, akaenda kwa sonara wa Kihindi na dhahabu zake zote za arusi zimefungwa kwenye leso. Alirudi na leso tupu. Vikuku, mikufu, kipini cha pua. Tundu la kile kipini liliziba baadaye, likabaki kidoti tu, na utotoni nilikuwa napenda kuligusa kwa kidole anaponilaza. Alikuwa akinitoa mkono taratibu.

Ami Bakari alikuwa karani wa bandarini Kilindini, mtu wa kucheka, mwenye mafuta mazuri ya nywele. Kazi yake ilikuwa meli za Wataliana, akajua lugha yao kwa kuwatania mabaharia. Na meli yao ndiyo aliyopanda. Zilikuwa zikitoka hapa zikapita Aden, na mahujaji wetu walishuka Aden wakatafuta chombo cha Jeddah. Siku ya kuondoka nyumba yetu ilijaa. Watu walimwomba radhi, wakamtaja mgonjwa huyu na tasa yule awaombee. Wanawake wakampa salamu za kumpelekea Mtume, mmoja mmoja, kwa jina, na yeye akaitikia kila mmoja, mkono kifuani. Salamu zote hizo, Mungu anisamehe nikicheka, zilifika Napoli, kwao Wataliana.

Lakini hilo hatukulijua. Tulijua kwamba mahujaji wengine walirudi na yeye hakurudi, Mama akawa chakula hakimpiti. Ikasemwa ameugua Madina. Alipokuja alikuwa amenyoa kichwa kinang'aa, amenenepa kidogo, na ana tende na tasbihi na miswaki. Mama alimbusu mkono, ingawa walikuwa wa umri mmoja. Watu walipomuuliza habari za Makka alisimulia mambo ambayo hata mimi mtoto niliyashangaa: jinsi kulivyo na baridi ya asubuhi, na nguo zilizoanikwa juu ya vichochoro kutoka dirisha hili hadi lile, na maji yanayomwagika mchana kutwa kutoka vinywani mwa sanamu. Hapo kwenye sanamu alisita, akasema yaani mabomba.

Na alileta picha. Ndiyo nilikotaka kufika tangu mwanzo. Picha ya weusi na weupe, Ami Bakari amesimama kwenye uwanja mpana wa mawe, na kanzu na koti na kofia yake, mikono ameitandaza, na njiwa wamemjaa mpaka begani. Nyuma yake kuba kubwa kubwa zimepangana, na mnara mrefu pembeni. Nani asiyejua njiwa wa Makka? Kila hujaji huwalisha, kila mtu amesikia hawaguswi, hawadhuriwi. Walipouliza Kaaba iko wapi, Ami akasema iko nyuma ya mpiga picha. Mtu mmoja hata akasema subhanallah.

Mama aliitia fremu ya kioo. Niliona ya kuwa ukingo wa juu umekatwa kwa mkasi, haukunyooka, umepita palepale juu ya kuba, na mimi binti wa mshoni macho yangu yalikuwa makali kwa mkasi mbaya. Nikamwambia Mama. Akasema pengine ilikuwa kubwa kwa mkoba. Ikatundikwa ukumbini, na kila siku baada ya alasiri Mama aliketi chini yake akamsomea Baba Yasini. Akimaliza aliinua uso akaitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Sijamwona na uso ule tena.

Jirani yetu Mzee Shee, aliyehiji mwaka uleule na aliyepanda meli ileile, aliwahi kuja kunywa kahawa akaikodolea macho picha ile kwa muda mrefu. Nilidhani ameipenda. Akasema tu, "Njiwa ni wengi." Akaweka kikombe, akaaga.

Sasa, meli za Wataliana zilipotia nanga, abiria wao walishuka kuzuru mji. Walitoka Ngomeni wakaja Ndia Kuu, wakamwagika vichochoroni na kamera shingoni na mabega yamewaka jua kama kamba waliochemshwa. Mama alikuwa anadarizi kofia, maana mwanamume nyumbani hayuko, na siku za meli aliziweka mlangoni kwetu nami nikawa muuzaji, kwa vidole na kichwa. Alasiri moja akaja bibi mmoja mnene, mchangamfu, anajipepea kwa kofia ya ukili. Alichagua kofia ya vito, ile ya vitundu vya sindano, akamvalisha mumewe, wakacheka, na mlango ulikuwa wazi, akachungulia ndani, akaiona picha.

Akapiga ukelele wa furaha, kama aliyeona jamaa yake. "Venezia!" Akaingia bila hodi mpaka ukumbini, anamvuta mumewe, anaonyesha kidole. Mama alisimama, akatabasamu. Alidhani hata wazungu wanaijua Makka, na alifurahi, niliona alivyofurahi. Akamwambia, "Naam, Makka." Yule bibi akatikisa kichwa. Venezia. Mama akatikisa kichwa pia, kwa heshima. Makka. Yule bibi, maskini, alikuwa mtu mwema, alitaka kueleweka tu. Akaugusa msalaba mdogo wa dhahabu uliokuwa shingoni mwake. Akaunganisha viganja kama anayesali kikwao. Kisha akasogea, na juu ya kuba ile kubwa, palepale mkasi ulipopita, akaweka vidole vyake viwili, kimoja kimelala juu ya mwenziwe, msalaba.

Mama aliitazama mikono ile. Kisha akampokea mume bei ya kofia, akawasindikiza mlangoni, akawashukuru. Akarudi, akaishusha picha.

Ami Bakari alikuja saa yake ya kawaida, kofia upande. Mama alimtilia kahawa. Picha ilikuwa juu ya mkeka, kati yao.

"Shemeji," Mama alimwambia, "nionyeshe hapa Arafa iko upande gani."

Ami alizungusha kikombe. "Nani amekwambia?"

"Wenyewe. Wamepita leo."

Akaanza kuapa. Alikusudia kwenda mwaka wa pili, wallahi, alikusudia, ni shetani tu na meli. Mama akamkatiza.

"Usinilie yamini mimi. Mimi sikukutuma. Nenda Kikowani ukamwambie aliyekutuma."

Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini, na Mama hakuwa tena na imani na neno la Ami hata la kusema amekwenda. Nikatumwa mimi nikashuhudie. Bado nilikuwa mdogo wa kupita popote. Tulikwenda kwa miguu, Ami mbele, mimi nyuma. Kaburini alivua viatu, akatoa salamu, akasoma Fatiha kwa sauti nzuri, maana sauti alikuwa nayo. Akachutama.

"Kaka," akasema, "ngazi ilishushwa Aden. Shuka za ihramu nilikuwa nazo mkononi. Sikushuka."

Nilikuwa namtazama nione kama kaburi litafanya kitu. Halikufanya. Akaendelea, polepole kwanza. Alimkumbusha Baba walivyokuwa wakikaa Mbaraki watoto wawili, wakitazama meli za nje zikiingia, wakipeana miji ya huko kama watu wanaogawana maembe, mji huu wangu, ule wako. Akamwambia Napoli, Kaka, mlima wa moto upo kweli, unauona kutoka gatini, na vichochoro vyake ni kama hivi vyetu, wanawake wanapigiana kelele kwa madirisha na kapu linateremshwa kwa kamba kununua samaki. Akamwambia Roma, maji ya kunywa ya bure kila pembe ya njia, na mahame makubwa ambayo paka ndio wenye nyumba. Kuna miji midogo juu ya bahari, Kaka, imebandikwa kwenye jabali kama viota, unashuka ngazi hadi magoti yanatetemeka, na malimau yananing'inia juu yako makubwa kama vichwa vya watoto. Na Venezia njia ni maji. Mtu akitoka mlangoni anaingia mashuani. Maiti wao pia huzikwa kwa mashua.

Sauti ilikuwa imempanda. Mikono inachora. Akamsimulia jinsi alivyosimama uwanjani pale na mtama kiganjani, na njiwa mmoja akaingia ndani ya mkono wa kanzu yake akatembea mpaka kwapani, na mzungu mpiga picha akacheka hadi kamera ikamtikisika. Hapo Ami alicheka. Alicheka kwa moyo, amechutama vilevile, mkono juu ya udongo wa Baba kama unavyomwekea mwenzio begani. Nami nikacheka. Ilikuwa hadithi tamu kuliko zote nilizopata kusikia, na nilifurahi kwamba Baba naye anaisikia.

Niliporudi, Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kanga kichwani, ananingoja.

"Amemwambia?"

Nikasema amemwambia. Akauliza amesemaje. Nikampa yote niliyoyakumbuka, mlima na makapu na malimau na maji, mbio mbio, na mikono nachora kama Ami. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Alilia?"

"La, Mama. Alicheka."

Aliitika kwa kichwa. Akaniambia nikanawe miguu, nimetoka makaburini. Hakulitaja jambo lile tena, si kwangu, si kwa mtu. Mzee Shee alikuwa anajua tangu mwanzo, na mtaa mzima wa wanaume ulikuwa unajua, wakaiita sitara, kumsitiri Ami na kuusitiri ukoo. Mjane mmoja anasoma Yasini chini ya kanisa, hilo kwao halikuhitaji sitara. Mama naye aliingia kwenye sitara yao. Aliendelea kumtilia Ami kahawa kila alasiri, akimwita Haji mbele za watu, na siku ya maziko ya Ami, miaka mingi baadaye, alikaa matangani pamoja na wenzake wakimtaja Alhaji Bakari. Ila picha aliichoma jikoni, na baada ya alasiri alisoma Yasini uso umeelekea ukuta mtupu.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika wa kwangu, ndipo nilipoelewa ni nini alichonituma nikamletee. Hija alijua imekwenda. Dhahabu alijua imekwenda. Alitaka machozi ya yule mtu, hata tone moja, apate pa kuanzia kumsamehe. Na mimi nikaelewa jambo jingine, baya zaidi, ambalo nashukuru hakulijua, au pengine ndilo alilolijua palepale mlangoni: Ami hakujuta. Alikuwa amekwenda kaburini kuomba radhi, akafika, akakuta ndani ya moyo wake hamna majuto, mna Napoli. Kile kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote vya maisha yake, na mtu wa kumsimulia alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa chini ya ule udongo.

Mama amekufa. Baba hajahijiwa mpaka leo. Mimi sikujaliwa uwezo, na wanangu wana mambo yao, wawili wako Malindi wanawapikia Wataliana hao hao hotelini. Na ukiniuliza Makka iko vipi sijui kukuambia, sijui mtu huingilia wapi, hutokea wapi. Lakini nishushe Napoli leo hii, mimi kizee wa darasa la tatu, nitakupeleka kutoka gatini mpaka chini ya ule mlima bila kumuuliza mtu njia.