Mgeni Hapewi Mchunga

Nilikwenda Bagamoyo kufuata chakula. Msomaji usicheke. Wengine huenda huko kufuata mirathi, wengine kufuata mganga. Mimi nilifuata mchunga, mboga chungu ya majani. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwenye kidole gumba cha mguu nilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Marehemu mama yangu alianza na kidonda kama hicho. Akakatwa mguu, na baada ya hapo hakuishi sana. Kila nilipokitazama kidole changu nilimwona yeye, nikaogopa.

Daktari wa Dar es Salaam alinipa vidonge, akanikataza sukari na mkate mweupe, kisha akaniuliza bibi zangu walikuwa wakila nini. Nikamtajia: ugali wa mtama, kunde, samaki wa kuchoma, mchunga. "Vidonge usiache," akasema, "lakini na chakula hicho kitafute." Mume wangu Saidi aliposikia alisema mtu anayeficha halua kabatini hawezi mchunga. Hakukosea. Mimi na kitu kitamu tulikuwa chanda na pete.

Asubuhi na mapema nilipanda basi. Barabara ya Bagamoyo siku hizo ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo dereva alikwenda kama anayepita chumba cha mgonjwa. Nilikaa dirishani, nusu macho, nusu usingizi. Minazi ikapita, mikorosho ikapita. Tulipofika Mapinga ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba, na ndani ya ukungu ule nikamwona bibi yangu akitwanga mtama. Basi likizama shimoni, mchi wake unashuka. Likiinuka, mchi unapanda. Sikutaka kuamka. Aliyeniamsha ni utingo, akisema mama, tumefika.

Adhuhuri niliingia kwa mama mdogo. Bi Mwanaidi ni mdogo wake mama yangu, mjane, anakaa peke yake katika nyumba ya mawe ya wazee wetu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani. Saidi hajambo?"

Hata sijavua buibui vizuri, sinia limeshafika: wali wa nazi, kuku wa kupaka, na chai nzito ya sukari. Mwaka ule sukari ilitafutwa kwa tochi. Mama mdogo alikuwa ameiweka akiba kwa ajili yangu.

Nikamweleza ugonjwa wangu, na kwamba nimekuja kula mchunga na ugali wa mtama. Alinitazama kana kwamba nimemwomba anilaze jikoni.

"Nikupe mchunga, majirani waseme nini? Watasema Mwanaidi kaishiwa. Mgeni hapewi mchunga, mwanangu. Hiyo mboga yetu sisi wa nyumbani."

"Lakini daktari…"

"Kunywa chai hiyo kwanza. Usiniaibishe."

Nikanywa. Nilikunywa kwa hofu, na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Siku ya pili ilikuwa vitumbua asubuhi na pilau mchana. Baada ya kula nilipita uani kwenda kunawa, nikamkuta mama mdogo amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mlango wa jiko ameurudisha nusu, anakula chakula chake peke yake: ugali mwekundu wa mtama na mchunga uliotiwa tui. Aliponiona akaufunika kwa kawa upesi, kama aliyefumaniwa. Yeye, mwanamke aliyenizidi umri, alikuwa na miguu mikavu, myepesi. Mimi na pilau langu nilikuwa nachechemea. Nilimwonea wivu hata nikakasirika.

Alasiri nililala. Upepo wa bahari uliingia dirishani, ukipandisha pazia na kulishusha, na mimi nikawa mahali fulani katikati, sijalala wala sijaamka, nasikia sauti za wanawake wa zamani wa ukoo wetu zikisemezana jikoni. Katika sauti zile ukanijia msemo tuliokuwa tukiwatania nao wageni wakaaji: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikacheka peke yangu kitandani. Miaka yote niliuchukulia kuwa ni msemo wa kumfukuza mtu.

Siku ya tatu, kabla jua halijawa kali, nilifunga kidonda, nikavaa soksi na raba, nikachukua jembe nyuma ya mlango. Mama mdogo ana konde lake nje ya mji, njia ya kwenda Mbegani. Alinikuta huko nalima, natokwa na jasho, matuta yangu yamekwenda upande.

"We Zuhura, una wazimu? Mgeni wangu analima?"

"Leo siku ya tatu, mama mdogo. Mgeni keshaondoka."

Akafunga kanga kiunoni, akainama pembeni yangu, akaanza kuchuma mchunga. "Matuta gani haya," akasema. "Umelima kama mtu wa Dar es Salaam."

Mchana ule tulikula sinia moja. Mchunga ulikuwa mchungu kweli, sidanganyi mtu, lakini nilikula mpaka nikafuta sinia.

Nilikaa mpaka mwezi mwingine ukaandama. Vidonge sikuacha, jembe sikuacha. Kidonda kikaanza kukauka pembezoni, kisha kikafunga. Dawa ni ipi kati ya kidonge, mtama, kulima na kukosa halua, sijui, na anayejua aniambie. Wazee wetu nao walikufa, tena wengine mapema. Lakini maradhi haya hawakuyajua sana.

Siku ya kurudi, mama mdogo alinisindikiza hadi stendi. Basi lilikuwa halijajaa. Akanishika mkono.

"Mama yako naye alikuja, alipoanza kuumwa. Aliniomba mchunga kama wewe."

"Ukampa?"

"Nilimpikia wali na halua mpaka alipoondoka. Mguu ulikuwa unamuuma, jembe asingeweza kushika. Nikamfanya mgeni siku zote. Nilimpenda dada yangu, Zuhura."

"Najua, mama mdogo. Naye alijua."

Njia nzima ya kurudi sikusinzia. Nilijua sasa kwamba chakula cha bibi zetu hatukukiacha kwa sababu ni kibaya. Tumekifunika kwa kawa kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo tunawatilia sukari tunaowapenda.

Mwaka haujaisha, mdogo wangu Rukia akaja kunitazama kutoka Pangani. Maradhi ya mama na yeye yamempata. Alishuka garini miguu imemvimba, amevaa kanga mpya, amechoka na safari ndefu. Siku hiyohiyo nikampakulia ugali wa mtama na mchunga. Alilitazama sinia, akanitazama mimi, akanuna.

Nikamwacha anune.