Maji Saba ya Pikipiki ya Nyama

Pikipiki ya kubebea nyama ina uchafu wake, na uchafu huo naujua kwa sababu nimeusugua miaka mingi. Damu hudondoka kutoka kwenye sanduku, ikashuka kwenye keria, ikaingia kwenye springi za nyuma na kuganda humo pamoja na vumbi jekundu la huku kwetu Meru. Ukizembea siku moja ya jua kali, nzi watakuwa wameshataga, na hazitapita siku nyingi kabla hujaona vijidudu vyeupe vikijinyonganyonga chini ya kiti. Wapenzi wa mishikaki hawapendi habari hizi. Basi wasiniulize.

Bucha hili aliniachia marehemu mume wangu, pamoja na pikipiki na dereva wake. Dereva ni mtu mzima, baba wa watoto, Mkristo kutoka milimani upande wa Nkubu. Ndiye aliyempakata mume wangu kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani siku alipopelekwa hospitali asirudi. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana sikumjali. Nilimjali. Lakini mtu unaweza kumjali na bado akakutia kinyaa mpaka utapike.

Kwanza alikuwa akitafuna miraa na kutema mate ya kijani popote, mengine yanashukia madigadi. Pili, alikuwa akiosha pikipiki mtoni, pale wenzake wanapoosha zao. Kitambaa ni kimoja. Kinafuta tairi, kinafuta ekzosi, kinachovywa kwenye maji yenye mafuta yanayong'aa rangi rangi, kisha kinapitishwa juu ya sanduku la nyama. Siku niliyoshuka mtoni nikajionea, nilirudi na sheria zangu. Pikipiki itaoshwa nyuma ya bucha, kwenye bomba letu. Sanduku huoshwa kwa maji moto, chumvi na ndimu, na brashi yake haigusi kitu kingine. Keria na springi zina brashi ya pili. Cheni husafishwa kwa dizeli na brashi ya tatu, mbali na sanduku, na baada ya hapo mikono inaoshwa kwa sabuni mpaka harufu iishe. Dereva alicheka, lakini alifuata.

Ijumaa moja tulikuwa na nyama ya harusi. Mama wa bibi harusi, jirani yangu tangu utotoni, alikuwa ameagiza nyama ya pilau, na masufuria yalikuwa yameshainjikwa. Dereva akafika asubuhi na pikipiki inang'aa kuliko siku iliyotoka dukani. Tairi nyeusi tititi, tangi unajiona uso. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile pikipiki ilikuwa inajitembeza. Nikaisogelea. Ilinuka dizeli, na juu ya dizeli ilinuka manukato ya mwanamke.

"Umeiosha wewe?" nikamuuliza.

"Nimeosha poa, Mama. Leo ni harusi."

Nikainama kuangalia springi, maana huko ndiko uvivu hujificha. Kati ya mizunguko ya ile springi kulikuwa na kitu kama nyuzi za brashi, nyeupe, ngumu, zimegandana kwa tope la kijani lililokauka. Nikazivuta kwa kidole. Hazikuwa nyuzi za brashi. Nikazinusa, sijui kwa nini nilizinusa, na palepale nikajua.

"Hii ni nini?"

Akaangalia chini. Kusema uongo hajui, hilo nampa.

"Ni nguruwe, Mama."

Wateja walikuwa wamesimama kaunta. Penye kuku wengi usimwage mtama. Nikamvuta nyuma ya bucha nikafunga mlango. Pale nikainamia mtaro nikatapika chai yote ya asubuhi, na kidole kile nikakinyoosha mbali nami kana kwamba si changu.

Yeye alikuwa akijieleza. "Mama, sikiza. Nguruwe ya jirani ilikuwa inaenda Nkubu kwa mtu amenunua, na pickup imekwama kwa matope. Nikasema nisaidie. Lakini sanduku nilitoa kwanza! Hiyo nguruwe haikuona sanduku hata na macho. Na nikaosha na sabuni ya unga, nikapitisha diesel, nikapuliza pafyumu ya bibi yangu."

Huku kwetu nguruwe hubebwa chali juu ya kiti cha nyuma, amefungwa kwa mipira, miguu juu, anapiga mayowe njia nzima. Na anayepiga mayowe hajizuii tumbo. Nilikuwa nimewaona wengi barabarani nikageuza uso. Sasa huyu alikuwa amelala palepale linapolala sanduku langu, na yaliyomtoka yalikuwa yameshuka kwenye springi, na mtu akaja akayapuliza manukato. Hayo manukato yalinichefua kuliko mavi yenyewe.

Nikamwambia: "Ukitoka hapa leo, unaniachia ufunguo. Kazi imekwisha."

Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Mama," akasimama kando ya ukuta.

Nyama niliituma harusini kwa mkokoteni, ndani ya sufuria lililofunikwa, kwa bahati haikuwa imekaribia pikipiki. Kisha nikarudi nyuma kuosha. Tulifundishwa madrasa tukiwa wadogo: najisi ya nguruwe huondolewa kwa maji mara saba, na mojawapo iwe na udongo. Ningeweza kumwachia dereva aoshe. Lakini kinyaa kilikuwa hakiniruhusu kumwamini mtu mwingine, na hapo ndipo penye kichekesho: mimi niliyechukizwa kuliko wote ndiye niliyeingiza mikono.

Niling'oa kiti. Chini yake kulikuwa na mkojo uliokauka ukaacha ramani ya njano, na vijiti vya miraa vimenasa humo. Nikachokonoa springi kwa kijiti, tope likatoka vipande vipande na zile nywele za nguruwe. Kila kipande kilipolowa kilifufuka na harufu yake. Nilipumua kwa mdomo, nikahisi kwamba naila. Nikatema, nikaendelea. Kwenye mianya ya keria, kwenye kamba za mipira alizomfungia nguruwe, ndani ya stendi, kila mahali palikuwa na kitu. Maji ya kwanza yalitoka kahawia. Nikachota udongo mwekundu pembeni ya ukuta, nikaukoroga kwenye ndoo, nikaupaka pikipiki nzima kuanzia madigadi mpaka taa ya nyuma.

"Mama!" dereva akapiga kelele kutoka ukutani, kama niliyemkanyaga. "Sasa unaichafua tena!"

"Nyamaza."

"Lakini nilikuwa nimeosha matope, na wewe unaweka matope!"

Nikamweleza kwa hasira, neno moja moja, udongo ni wa nini na maji ni mangapi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ni miaka mingi tumefanya kazi pamoja, na sikuwahi kumwambia. Nilimwambia tu, "Hapa nguruwe hakanyagi." Naye alidhani hakanyagi sanduku.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa bibi harusi, kashika pindo la buibui lisiguse matope, hina mbichi mkononi.

"Nyama imefika kwa mkokoteni, nikasema kuna msiba huku. Kumbe umefungua shamba?"

Ningeweza kudanganya. Nyama haikuguswa, nani angejua? Lakini maneno ya mji huu hayalali, na bora asikie kwangu. Nikamweleza yote, nikiwa na udongo mpaka viwiko. Uso wake ukajikunja taratibu kama wangu ulivyojikunja.

"Na sanduku?" akamuuliza dereva. "Ulipolitoa uliliweka wapi? Nyumbani kwako? Kwako wanafuga nguruwe?"

"Wanafugwa, lakini nje. Sanduku tuliweka kwa kitanda."

"Kitanda gani?"

"Kitanda yetu. Bibi alisema tukiweka chini watoto watashika na mikono ya chakula. Akafunika na leso mpya. Sisi tulilala kwa mkeka."

Mama wa bibi harusi alinitazama. Hakucheka. Akasema, "Osha na hilo sanduku, uje ule. Pilau haitakungoja," akaondoka.

Sanduku nililiosha pia, maana alikuwa amelifunga juu ya keria ileile ikiwa mbichi. Sasa niliwafikiria watu wawili wazima wamelala chini, sanduku la nyama limelala kitandani limefunikwa leso. Moyo ulilegea kidogo. Tumbo halikulegea. Msidhani ukimwonea mtu huruma kinyaa huondoka. Hukaa pamoja, kama wake wenza.

Maji ya mwisho yakatoka meupe. Nikanyoosha mgongo, kanga imenilowa mpaka mwilini, kucha zimejaa wekundu. Pikipiki haikung'aa tena kama asubuhi. Ilionekana ya zamani, ya marehemu, na ilinuka maji tu.

Nilipogeuka, dereva hakuwa ukutani. Alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, ndoo ndogo mbele yake. Mkononi alishika ufunguo. Alikuwa ameupaka udongo, akausugua mpaka kwenye meno ya ufunguo, akaumwagia maji, akaanza tena, akihesabu kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Kisha akaosha mikono yake vivyo hivyo, mpaka viwiko, kama alivyoniona nikifanya. Sikuwa nimemwambia. Hata mimi ufunguo sikuukumbuka.

Akaja, akaunyoosha juu ya viganja vyote viwili, maji yanamdondoka.

"Chukua, Mama. Sasa ni safi. Unaweza kushika."

Niliuangalia. Nilikuwa nimemwambia kazi imekwisha, na mimi si mtu wa kurudisha maneno. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, na chini ya kucha zake palikuwa na ule udongo wetu. Bado nilisikia ile harufu puani, na sijui lini ilikuja kuondoka.

"Jikaushe kwanza," nikamwambia. "Kisha rudisha kiti mahali pake, unipeleke harusini. Na hayo manukato ya mkeo yasije tena hapa."

Akapachika kiti. Nikapanda nyuma yake, kiti kibichi kikanilowesha, nikabana pumzi mpaka kona ya kwanza.