Ziwa Nyuma ya Lango

Siku yangu ya kwanza kazini nilibandika tangazo kwenye ubao wa chuo: kila atakayefika uwanjani saa kumi atapewa gongo lake. Walijaa. Hata mlinzi aliacha geti. Sisi tuliochezea timu ya mkoa ya mpira wa magongo neno hilo tulikuwa tumelizoea mno, nikasahau kwamba kwa watu wengine gongo ni pombe ya kificho. Mkuu wa Chuo aliniita ofisini amekunja uso.

"Mwalimu, umepangiwa Kigoma kufundisha michezo au kunywesha watoto wa watu?"

Nilimwonyesha fimbo yenyewe, imepinda nchani, bapa upande mmoja tu, kwa maana sheria hairuhusu kuugusa mpira kwa upande wa mviringo. Aliigeuzageuza, akauliza anayetumia mkono wa kushoto afanyeje. Nikamwambia anajifunza upya, kama nilivyojifunza mimi. Akacheka, nikapona.

Uwanja wa chuo ulikuwa mteremko wa changarawe. Tambarare pekee ilikuwa ufukweni, upande wa kwenda Ujiji, ambako akina mama walianika dagaa. Kiongozi wao, Mama Tatu, nilimwamkia kwa neno langu moja la Kiha, "Mwakeye," naye akanijibu kwa maneno mengi hata nikaona haya. Alitukubalia ukanda wa mchanga mgumu kila jioni, wakishaanua dagaa wa pale. Wale wa pande mbili, nyuma ya malango, wangebaki. Mpira ukiwaangukia hata mara moja, tuhame. Alikuwa ameupima mkononi na kuona ni mgumu kama jiwe.

Basi nikawafundisha wasichana wangu kusukuma: gongo halirudishwi nyuma, linaushika mpira na kuupeleka ukibingirika. Walikuwa hodari ajabu. Kuunyanyua hawakujua kabisa, wala sikuthubutu kuwafundisha.

Kwenye mashindano ya vyuo tukafika nusu fainali. Odeta, mzaliwa wa Kagunga, aliingia na mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango, maana bao halihesabiki ukipiga ukiwa nje yake. Golikipa akajilaza chini kama gogo. Odeta akasukuma, mpira ukagonga mapaja ya golikipa. Akarudia, ikawa vilevile. Tukatolewa. Mkuu wa Chuo, aliyekuwa jukwaani, aliniuliza kwa upole ulioniuma kwa nini mtoto hakuurusha juu ya mtu aliyelala. Kisha akaniambia kwamba tukirudi hivi mwakani, mchezo huu chuoni basi, magongo yabaki stoo.

Nilirudi kwa Mama Tatu nimenyong'onyea, nikamweleza yote. Sikumwomba kitu, maana nilijua dagaa ndio ada za wanawe. Akatazama dagaa kushoto, dagaa kulia, kisha maji.

"Huo mpira unaelea?" akauliza.

Nilikuwa nimeushika mpira huo tangu usichana wangu, na sikujua. Tukasogea majini, akaurusha mwenyewe. Ukazama, moyo wangu nao. Kisha ukaibuka, ukacheza juu ya maji. Tulipiga makofi kama watoto.

Kesho yake tuligeuza lango moja, mgongo wake ukaelekea ziwani. Wasichana wakanyanyua mipira jioni baada ya jioni, na kila aliyepiga juu ya lango aliogelea kuufuata mpira wake. Odeta aliogelea kuliko wote.

Mwaka uliofuata, nusu fainali tena, golikipa akajilaza tena. Odeta akaingiza gongo chini ya mpira, ukapaa, ukatua wavuni. Wenzake walimkimbilia wamkumbatie, lakini yeye alikuwa ameshapita nyuma ya lango, anavua viatu. Alipoona ukuta wa matofali ndipo akakumbuka tuko wapi. Nilicheka huku nalia. Mkuu wa Chuo hakutaja stoo tena mpaka alipohamishwa.

Siku hizi nimestaafu, ninaishi Ujiji. Vijana wakiniuliza kazi ya kocha ni nini, nawaambia ni kushika kitu miaka mingi na bado kukiulizia. Maji yamepanda, yamefunika uwanja wetu wote. Juzi nilisimama pale na Mama Tatu, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Nilimwambia inaniuma sana, hata mahali pa lango sipaoni.

"Lipo palepale, Mwalimu," akasema. "Ziwa limechoka kuokota mipira kule nyuma. Limeingia kudaka lenyewe."