Mapipa Aliyoyapaka Bi Mwandiko

Kila bango katika mtaa wa maduka lilikuwa limepita mikononi mwake. Ndiyo maana watu wakamwita Bi Mwandiko, hadi jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na brashi za manyoya na tabia ya kutomwamini mteja anayesema "wewe andika tu."

Alikuwa mtu wa kushuku hasa. Muuza viatu alipomwagiza aandike "Ngozi Halisi", Bi Mwandiko alitaka kwanza aletewe kiatu. Akakinusa, akakikunja, akakirudisha. "Nitakuandikia 'Viatu Imara'," alisema. "Hapo nafsi yangu haitanisuta." Fundi saa, ambaye kibanda chake kilitazamana na chumba chake cha kazi, alicheka nusura aangushe miwani. "Huyu mama," aliwaambia wateja, "ukimsalimia habari za asubuhi, anachungulia nje kwanza kuhakikisha kama ni asubuhi kweli."

Mtaa ulianzia benki, ukapita duka la vitambaa, mpiga chapa na kinyozi, ukaishia duka la dawa. Nyuma ya duka la dawa, ukuta kwa ukuta, palikuwa na ghala la kiwanda cha sabuni. Hakuna aliyelijali ghala hilo. Malori yaliingia na kutoka, basi.

Mtunza stoo wa ghala alikuwa shemeji yake Bi Mwandiko, mume wa mdogo wake: mpole, mcheshi, shati limepigwa pasi kila siku. Jumatatu moja alimletea kazi. Kulikuwa na mapipa arobaini ya plastiki. Alitakiwa kufunika alama za ubavuni kwa rangi nyeupe, kisha aandike juu yake "Malighafi ya Sabuni".

Bi Mwandiko akaingia ghalani na makopo yake. Alama aliyotakiwa kuifunika ilikuwa mraba mwekundu uliosimama kwa pembe, na ndani yake mwali wa moto. Akaligonga pipa moja kwa kidole. Limejaa.

"Shemeji, humu mna nini?"

"Si utaandika mwenyewe? Malighafi ya sabuni."

"Nitakachoandika nakijua. Nimeuliza mna nini."

Shemeji akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani. "Mapipa ya zamani hayo, tunayatumia tena. Hizo alama ni za mzigo uliotangulia."

Hewa ya mle ndani ilichoma pua kama siki kali. Paa lilikuwa la bati, na feni kubwa ya ukutani ilikuwa imesimama, utando wa buibui umeunganisha mapanga yake. Alipotaka kulisogeza pipa ili apate mwanga, mfanyakazi mmoja alimrukia. "Taratibu, mama! Usiliburute hilo!"

Machale yakamcheza. Mtu mzima na nguvu zake, anaiogopa sabuni kiasi hicho? Tena alikuwa amesikia mlinzi akisema wakaguzi wanakuja Ijumaa. Lakini aliyempa kazi ni mume wa mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Akikataa, maneno yatafika nyumbani, na nyumbani patawaka. Akachovya brashi. Kwa siku mbili alipaka mapipa yote arobaini, herufi zimenyooka kama kawaida yake.

Alimwambia fundi saa, na fundi saa akatikisa kichwa. "Sasa hata sabuni, Bi Mwandiko?" Wakacheka wote wawili. Wiki zikapita tatu, wakaguzi wakaja na kuondoka, mtaa ukaendelea kuuza na kununua.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, simu yake ikaita. Alikuwa shemeji.

"Njoo nyumbani unipakie geti rangi."

"Leo? Leo nina bango la duka la dawa."

"Leo hii, shemeji. Usipitie hata kazini. Brashi ninazo."

"Na wewe huendi kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Kichwa kinaniuma."

Akaenda, lakini njia nzima alijiuliza. Labda wamegombana na mdogo wangu, anataka msuluhishi. Alipofika alilitazama geti, akazidi kushangaa. Alikuwa amelipaka mwenyewe mwaka uliopita, na rangi ilikuwa inang'aa bado.

"Hili geti lina kasoro gani?"

"Limepauka."

"Wapi? Nioneshe."

Shemeji alinyoosha mkono, ukaishia hewani. Hakutulia. Alitazama simu, akatazama upande wa mjini, akairudia simu. Mdogo wake alitoka ndani akiwa ameshika kiuno. "Ameamka hivyo hivyo, dada. Hata watoto kawazuia wasiende shule, eti kuna homa inaambukiza."

Shule ya watoto ilikuwa jirani na mtaa wa maduka.

Saa nne na robo ardhi ilitikisika. Sauti ilifuata baadaye kidogo, nzito, ikaangusha kopo la rangi na kupasua vioo vya sebuleni. Mdogo wake alipiga kelele, watoto wakalia. Wingu la moshi wa kahawia likapanda upande wa mjini. Bi Mwandiko alimgeukia shemeji, na alichokiona hakumsimulia mtu kwa siku nyingi. Shemeji hakuwa ameshtuka. Alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea geti, kichwa mikononi, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiisubiri.

Mtaa wa maduka haukuwapo tena. Benki ilisimama bila dirisha hata moja, na karatasi zake zilitapakaa hadi sokoni. Duka la dawa na ghala vilikuwa shimo. Kutoka shimoni hadi duka la vitambaa hukuweza kujua duka lilianzia wapi na kibanda kiliishia wapi. Vyote vilikuwa tofali, bati na vumbi. Mkuu wa zimamoto aliuliza ni nani anayeujua mtaa vizuri, watu wakamsukuma mbele Bi Mwandiko. Kwa siku tatu alitembea juu ya kifusi na wazima moto, akisoma vipande vya mabango yake mwenyewe. "Hii 'Vi' ni ya vitambaa. Wenye duka hukaa nyuma, chimbeni hapa. Kipande hiki ni cha mpiga chapa. Alikuwa na msaidizi, mtafuteni upande wa mlango."

Siku ya pili walimpata fundi saa. Bi Mwandiko alimtambua kwa miwani.

Watu kumi na tisa walikufa. Mtaani kila mtu akawa anamtilia shaka mwenzake. Wapo waliosema mlinzi alivuta sigara, wapo waliomshika uchawi mwenye duka la dawa, na yeye ni marehemu. Meneja wa kiwanda alijitokeza kwenye redio, akasema ni hitilafu ya umeme. Bi Mwandiko alisikiliza na kunyamaza. Msibani alimwona shemeji amebeba jeneza la fundi saa, shati limepigwa pasi, machozi yanamtiririka. Alishindwa kujua kama machozi yale ni ya huzuni au ya kujikosha.

Siku ya pili baada ya mazishi, alasiri, alimfuata jikoni kwake.

"Shemeji, nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usinizungushe. Geti langu nalijua."

Mdogo wake aliacha kuosha vyombo.

"Yalianza kupata joto Jumatano jioni," shemeji alisema hatimaye. "Mapipa matatu yalivimba. Nikampigia meneja. Akasema tuyamwagie maji, na habari ikitoka nje, basi unga wangu umemwagika."

"Ukanipigia mimi."

"Nilikupigia wewe."

"Fundi saa naye alikuwa na simu. Hiyo saa uliyovaa ameitengeneza yeye."

Shemeji aliuficha mkono chini ya meza. "Nilidhani yatapoa."

"Ulidhani yatapoa, ukawazuia watoto shule?"

"Dada, tafadhali," mdogo wake alisema. "Amekuokoa."

"Ndicho kinachonitafuna," alijibu Bi Mwandiko, akachukua mkoba wake akatoka.

Tume ya uchunguzi ilipokaa, alikwenda bila kuitwa. Alieleza kuhusu alama ya moto, feni iliyokufa, mfanyakazi aliyemkemea. Hakujitoa lawamani. "Nilishuku," alisema mbele ya ukumbi uliojaa ndugu wa marehemu, "na bado nikapaka." Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Mke wa fundi saa alimtazama tu, na mtazamo ule ulimwuma kuliko kilio.

Wakili wa kiwanda alisimama. "Mama, una utaalamu gani wa kemikali?"

"Sina. Utaalamu wangu ni herufi. Najua nilifuta nini na niliandika nini juu yake."

"Na kazi hiyo alikupa nani?"

Mdogo wake alikuwa amekaa safu ya tatu na mtoto mchanga kifuani. "Mume wa mdogo wangu," alisema.

Kabla hajaitwa, shemeji alisimama mwenyewe, akasimulia yote, kuanzia mapipa hadi simu ya meneja. Kwa ushahidi ule meneja alikamatwa akiwa amefungasha mizigo, akahukumiwa miaka kumi na miwili. Shemeji alipata mitatu. Bi Mwandiko alijiuliza mara nyingi kama alisimama kwa uchungu au kwa hesabu ya kupunguziwa adhabu. Hakupata jibu, wala hakumwuliza.

Mdogo wake hakuzungumza naye mwaka mzima. Kisha asubuhi moja alikuja na watoto watatu. "Nakwenda gerezani kumwona," alisema. "Kaa nao." Alirudi jioni, akala, akaosha sahani yake. Tangu hapo alikuja kila mwezi. Jambo lile hawakuligusa.

Mtaa ulijengwa upya. Mahali pa ghala pakazungushiwa uzio, pakaachwa wazi. Bi Mwandiko alirudia kazi, lakini hakuandika tena kwenye chombo chochote bila kufunuliwa kifuniko. Wapo wateja waliochoka na maswali yake wakahamia kwa wachapaji wa mashine. Mke wa fundi saa alipofungua duka la vifaa vya shule, hakumwita yeye kuandika bango, na Bi Mwandiko hakumlaumu.

Siku moja saa tano alikuwa juu ya ngazi, akiandika bango la saluni, aliposikia sauti chini.

"Umeamkaje, shemeji?"

Alikuwa amekonda, shati halikupigwa pasi. Bi Mwandiko alimwitikia salamu. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Shemeji alisimama pale kwa muda, kisha ngazi ilipoyumba kidogo, akaishika kwa mikono miwili.

Bi Mwandiko akaendelea kuandika. Kila baada ya herufi moja alitazama chini, kuhakikisha kama ameishika kweli.