Moshi wa Bijou

Mwezi uliopita nilikaa kwa fundi viatu karibu na soko, nikimsubiri ashone kiatu cha binti yangu. Pembeni yake alikuwa na mkanda wa ngozi, mkuukuu, umekauka hadi umepasuka, naye alikuwa akiupaka mawese ya moto ili ulainike. Harufu ilinipanda puani. Ngozi ya zamani na mawese ya moto. Nilishika meza yake nisianguke.

"Mama, uko nasikia kizunguzungu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni jua. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, lakini ni kijana mwenye adabu, hakubishana nami.

Nyinyi mnaonisoma nitawaambia ukweli: ilikuwa harufu ya tandiko la farasi. Chekeni tu. Farasi katika mji wetu wa Kindu? Hapa kwetu hata ng'ombe ni habari ya kusimuliana, maana mbung'o wetu hawana mchezo. Mnyama mkubwa wa kufugwa wanamnyonya damu na kumtia ugonjwa mpaka anabaki ngozi na mifupa. Lakini farasi tulikuwa naye, tena tulikuwa na klabu ya watoto ya kujifunza kumpanda, na mimi, Amina, binti wa fundi wa reli, nilikuwa mwanachama.

Mwenye klabu alikuwa Maman Kapinga, mke wa mkubwa wa gare, stesheni yetu ya treni. Alikuwa Mkasai aliyezaliwa Lubumbashi, ambako baba yake alichunga farasi wa Wazungu. Alijifunza kupanda kwa kuibia, wenye farasi wakiwa mezani wanakula. Mume wake alipohamishiwa kwetu, wanawake wengine wa kampi ya reli walishuka na makabati na mafriji. Yeye alishuka kwenye wagoni ya treni ameshika kamba, na nyuma ya kamba kulikuwa na farasi jike mwekundu anayeitwa Bijou. Mji mzima ulitoka kuangalia. Bibi yangu, Mwislamu wa zamani ambaye ukoo wake ni wa Wangwana waliotoka Unguja na misafara, alimtazama yule mnyama kwa heshima kubwa, kisha akasema, "Farasi nilimusikia katika hadisi za masultani. Hawakutuambia kama anajamba."

Zizi lilijengwa nyuma ya ua wetu. Kila siku ya posho, ndivyo watu wa kampi wanavyoiita Jumamosi, sisi watoto wa reli na wa majirani tulikusanyika pale, Wakristo kwa Waislamu, na Maman Kapinga akitukaripia wote sawasawa. Alikuwa na sauti ya kuita treni. Alikuwa na msemo wake, nao tuliuimba hata shuleni mpaka mwalimu akatuchapa: "Mukono kwanza, matako nyuma!" Maana yake, yule ambaye mikono yake haijafagia mavi, haijainua kwato na kuzichokoa udongo, haijapaka tandiko mawese, huyo asiote kukaa juu ya Bijou.

Na kabla ya yote hayo kulikuwa na moshi. Katikati ya zizi palichimbwa shimo, na ndani yake tuliweka kuni, majani mabichi na mavi makavu ya Bijou mwenyewe. Moto usiwake, moshi usikatike. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Moshi uliwafukuza mbung'o. Sindano za kumkinga zilikuja kwa treni kutoka kusini, mara zinawahi, mara zinachelewa, lakini moshi ulikuwa wetu, na tuliulinda kwa zamu. Tulirudi nyumbani macho mekundu, tunanuka. Bibi alikuwa akiniona tu mlangoni anauliza kwa sauti, "Nani analeta samaki ya kukausha huku?"

Mpandaji bora katika klabu yetu alikuwa Zaina, binti wa jirani yetu mkulima wa mpunga, aliyenizidi miaka miwili hivi. Alipanda miguu mitupu, kitambaa kimefungwa kiunoni, na Bijou alikuwa akigeuza masikio nyuma kumsikiliza. Maman Kapinga, ambaye hakumsifu mtu, alikuwa akimwangalia Zaina anazunguka uwanja, anakunja midomo, halafu anasema, "Huyu, kama angezaliwa kwetu Lubumbashi!" Basi tulijua hiyo ni medali.

Ni Zaina aliyenipandisha mara ya kwanza. Alishikanisha viganja vyake, nikakanyaga, akanirusha juu. Wee! Nilikamata nywele za shingo ya Bijou nikafumba macho.

"Fungua macho," Zaina akasema kule chini, anacheka. "Usiangalie chini. Chini unapajua."

Nikafungua. Niliona juu ya ua wetu, nikaona barabara, nikaona mto wote mpaka ng'ambo, na mgongo ule wa moto ukitembea chini yangu. Nimezaa, nimejenga, nimepata kazi. Bado sijapata tena furaha ya namna ile, na sasa sidhani nitaipata.

Halafu vita ikarudi. Treni ikakatika. Mume wa Maman Kapinga, aliyekuwa amesafiri kusini, hakuweza kurudi, na sindano hazikuja tena. Mji ukafungwa: ukienda shambani ulikutana na watu wa porini wenye bunduki, ukibaki mjini ulikuwa na askari. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi, siku nyingine hata sombe haikuwepo. Askari nao walikuwa na njaa, na walikuwa wamejifunza kwamba penye moshi pana sufuria. Basi mtaa mzima ukaacha kuni. Waliopata makaa walipika ndani, mlango umefungwa, watoto wanakohoa.

Moshi mmoja tu ulibaki ukipanda mchana kutwa, nao ulikuwa wa Bijou. Maman Kapinga alisema bila moshi, na bila sindano, huyu mnyama hamalizi msimu. Hilo sote tulilielewa, hata wadogo. Tuliendelea na zamu zetu.

Siku moja nilikwenda mtoni na Bibi kuchota maji. Ilikuwa zamu ya Zaina zizini. Tuliporudi, nilitazama juu ya ua nikaona mbingu iko wazi. Nilitupa ndoo nikakimbia. Askari walikuwa wamekuja na walikuwa wamekwisha kwenda. Mahindi ya Bijou hayapo, hatamu imekatwa, moto umekanyagwa. Maman Kapinga alikuwa amekaa chini, kwenye mavi, mwanamke yule msafi, ameshika kichwa. Bijou mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anatetemeka, lakini mzima.

Nikapiga kelele kwa furaha. "Alhamdulillahi! Hawakumubeba Bijou!"

Nikauliza Zaina yuko wapi. Bibi, ambaye alikuwa amefika nyuma yangu anahema, alitazamana na Maman Kapinga, kisha akasema, "Zaina ana malaria. Twende nyumbani."

Siku zilizofuata Zaina hakutoka nje. Nilipokwenda kwao mama yake alinijibu mlangoni, mlango nusu, kwamba bado anaumwa. Nilimwona mvivu. Kila mtu Kindu ana malaria, mbona sisi tunaamka?

Kisha wanaume wa mtaa wakaja zizini, na msemaji wao alikuwa baba yangu. Moto tulikuwa tumeuwasha tena, na mimi nilikuwa nalisha moshi. Baba alivua kofia.

"Maman Kapinga," akasema, "ile moshi. Tunakuomba uizime."

Nilisubiri radi. Huyu ni mwanamke aliyegombana na mkubwa wa posta, na padri, na hata na askari. Nilijua atamrudisha baba yangu kwa matusi ya lugha tatu. Badala yake alichukua ndoo ya maji ya kunywa ya Bijou, akaimwaga shimoni mwenyewe, mpaka tone la mwisho. Mvuke ulipanda, ukaisha.

"Nimesikia, Baba Amina," akasema. "Muko na haki. Na mabinti basirudie tena huku. Batoto bavulana tu njo batanisaidia."

"Mimi?" nikalia. "Mimi napanda kuliko wale wote! Bijou atakufa, Baba! Unajua atakufa!"

Baba alinikamata mkono akanivuta mpaka nyumbani. Hajawahi kunivuta vile, kabla wala baada. "Nyamaza, Amina," alisema njia nzima. "Nyamaza, mutoto wangu."

Kuna tundu kwenye ua wetu, na kwenye tundu lile niliona yote. Wavulana walishika matawi ya majani wakawa wanampepea Bijou toka asubuhi, wawili wawili. Lakini tawi si moshi, na mtoto mwenye njaa mkono wake huchoka upesi. Mbung'o walikuja. Mmoja mmoja wavulana wakaacha kuja, mama zao wakiwakataza au miguu ikiwakataa. Mwisho alibaki Maman Kapinga peke yake, tawi mkono huu, tawi mkono ule, anamzunguka farasi wake na kumsemesha Kiluba. Macho ya Bijou yalikuwa yanatoka maji. Tumbo lilivimba chini, mbavu zikatoka, nyuma akawa anayumba. Asubuhi moja nilichungulia nikamkuta amelala, na farasi mzima halali vile. Wanaume walikuja wakasimama mbali, wanaona haya kuomba nyama. Maman Kapinga aliwaangalia. "Kateni," akasema, akaingia nyumbani kwake akafunga dirisha.

Nyumbani kwetu nyama ile haikuliwa. Jioni nilimwambia baba yangu, "Umeua Bijou."

"Ndiyo," akasema.

Basi. Hakujitetea. Niliishi naye miaka mingi baada ya hapo, nikimpikia, nikimfulia, na neno lile lilikaa katikati yetu kwenye kila sahani. Maman Kapinga alirudi kwao treni ya kwanza ilipopita. Baba akafa.

Halafu binti yangu akafikia umri niliokuwa nao mimi wakati ule. Siku moja lori la askari lilisimama mbele ya nyumba yetu. Walitaka maji ya injini, si zaidi. Nilijikuta nimemsukuma mtoto wangu chini ya kitanda na nimekaa juu ya kitanda kabla sijajua ninafanya nini. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilidhani watu wazima waliogopea sufuria zao tu. Wale askari walifuata moshi wakamkuta Zaina peke yake, na hawakuchukua mahindi tu. Malaria ile haikuwa malaria. Maman Kapinga hakubishana kwa sababu hakuwa na la kubishana, na baba yangu alipochagua kati ya farasi na mimi, hakuweza kuniambia alichokuwa anachagua. Ningemjibu nini, hata angeniambia? Nilikuwa mtoto. Kilio changu chote kilikuwa cha farasi.

Zaina anaishi Kailo sasa, anauza mchele. Mwaka jana nilikwenda huko kwa mazishi tukakutana, mara ya kwanza tangu utoto. Tulikaa barazani kwake tukaongea habari za bei, za watoto wangu, za barabara mbovu. Niliogopa kutaja zizi, nikaona afadhali yeye achague. Nilipokuwa naaga, alinishika mkono hakuuachia.

"Amina," akasema, "wewe ulikuwa karibu. Uniambie. Farasi alikufa sababu yangu, sivyo? Walizima moshi sababu yangu."

Miaka yote hiyo! Aliyetendewa ni yeye, na deni alibeba yeye.

"Hapana, dada yangu," nikasema. "Aliuawa na mbung'o."

Zaina alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye wa kuhurumiwa.

"Njo ileile, ni kitu kimoja," akasema, akaachia mkono wangu, akarudi kupima mchele wa mtu aliyekuwa anasubiri.