Mchuzi wa Harusi ya Bwejuu

Mama yangu ni mpishi wa harusi, na pikapu yetu imenizidi umri. Baba alipofariki alimwachia mama, nayo ndiyo inayobeba masufuria kutoka kwetu mjini, Ng'ambo, hadi mashamba. Ubaya wake ulikuwa mmoja: ilikunywa petroli kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji. Mjomba, kaka yake mama, akamtafutia mnunuzi.

"Gari inakula faida yako yote," alimwambia. "Iuze, upumzike."

Apumzike! Bila gari, harusi za shamba zote zingekwenda kwa wapishi wengine, na sisi tungekula nini? Nilikuwa na jibu mdomoni ambalo mtoto mwenye adabu hampi mjomba wake. Mama akanikata jicho, nikalimeza.

"Kaka, nipe safari moja," alisema. "Jumamosi nnakwenda Bwejuu. Twende sote. Nnatia mafuta yale yale ya siku zote; nikiongeza njiani, kaiuze."

Nilishtuka. Hatujapata kwenda Bwejuu tukarudi bila ya kuongeza.

Wiki ile mama hakukaa chini. Matairi tuliyodhani mazima akayapeleka kujazwa upepo. Filta ya hewa ilitoa vumbi la kutosha kupanda mchicha. Keria ya juu, iliyokuwa ikikamata upepo bure, ikang'olewa, na nyuma yakashuka mawe, jeki mbovu na minyororo tuliyokuwa tukiitembeza kisiwa kizima bila sababu.

"Bandu bandu huisha gogo," alisema, akilisukuma chini tairi lililokwisha.

Jumamosi alipakia sufuria la mchuzi wa biriani, akalifunika bila ya kulifunga kamba. Nikapiga kelele kuwa utamwagika.

"Ukimwagika mchuzi, jua na petroli imemwagika," alinijibu. "Vyote vinataka mguu mwepesi."

Sijapata kumwona mama akiendesha vile. Tuta aliliona lingali mbali, akaondoa mguu, gari ikalifikia kwa mwendo wake yenyewe. Breki aliigusa kwa haja tu. Kwenye msitu wa Jozani madereva wa watalii walitupita wakipiga honi, wala hakuwatazama. Niliwatukana mimi kwa niaba yake. Mjomba hakuondoa macho kwenye mshale wa mafuta.

Tulipofika Bwejuu mfuniko ulikuwa mkavu. Wageni walikula mpaka wakagombania ukoko. Jioni tukarudi, na kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya mjini tulikipita mama akikipungia mkono. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilimwonea fahari mama yangu, nikatamani barabara nzima ijue ni nani anayepita.

Tulipoegesha nyumbani simu ya Mjomba ikalia. Alikuwa mnunuzi. Tangu msiba, ukoo mzima ulikuwa ukisema "gari ya marehemu", hata mama mwenyewe. Mjomba alimtazama dada yake, aliyekuwa akipangusa usukani kwa ncha ya kanga, kisha akaiweka simu sikioni.

"Niwie radhi, bwana," alisema. "Mwenyewe hauzi."