Bulo Katika Mguu wa Kaboni

Baba yangu alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba viazi milima yote ya Masisi, na aliamini kila kitu duniani ni mti wa namna fulani. Hata mguu wangu. Wa kulia nilikatwa nikiwa msichana, na miaka ya vita ilipoanza nikafungiwa wa bandia kule Goma, wenye unyayo wa kaboni: mweusi, mwembamba, mwepesi hadi nikacheka nilipouinua mara ya kwanza. Fundi wa pale alinieleza kwamba kaboni hupangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi. Ikipigwa kwa nguvu, tabaka huachana ndani, na juu huoni alama yoyote.

"Ikipigwa, uilete hapa," alisema. "Usiitoboe, usipige musumari."

Nikaitikia huku nimeshashika mlango.

Halafu barabara ikafungwa. Mimi na baba tulikuwa Lushebere, na binti yangu wa miaka miwili alikuwa Bweremana kwa dada yangu, nilikompeleka kwa wiki moja ili aache kunyonya. Wiki ikawa miezi. Juu yetu kulikuwa na wenye bunduki, chini yetu wenye bunduki wengine, na katikati sisi, tukila viazi na kusikiliza redio. Nilivichukia vile vilima nilivyovipenda tangu utoto, kwa sababu kila kimoja kilisimama kati yangu na mtoto.

Siku moja nilikaa karibu na baba akichonga gurudumu. Nyundo yake kubwa ikamponyoka, ikaangukia unyayo wangu. Mimi sikusikia maumivu, ningeyasikiaje? Aliyeumia ni yeye. Alipiga magoti, akaupangusa unyayo kwa shati lake, akaugeuza kwenye jua, akajaribu kuukunja kwa mikono yote miwili.

"Iko muzima," akasema. "Hakuna hata mukwaruzo."

Nilitembea nao majuma matatu. Kisha ukaanza kulia, tik, kila nilipokanyaga. Mimi nikaingiwa na hofu, baba akafurahi. Mti ukichoka husema kwanza, ndivyo alivyojua yeye. Hulia siku nyingi, hupasuka uzi mmoja mmoja, hukupa nafasi ya kuukaza. Chukudu ikilia, aliitoboa, akapitisha bulo, yaani bolti ya chuma, akakaza nati, kisha akazungushia mpira wa tairi.

"Lete ile muguu, mama," akaniambia. "Nitaikaza. Siku barabara itafunguka, utafika kwa mutoto."

Nilipaswa kusema. Maneno ya yule fundi wa Goma yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini tangu siku ya nyundo baba alikuwa hali chakula vizuri, na sasa alikuwa ameshika keekee yake ya kutobolea, anapiga mluzi. Nikauvua mguu, nikampa. Akautoboa, vumbi jeusi likammwagikia magotini, kisha akapitisha bulo, akakaza. Na ile tik ikanyamaza! Nikajidanganya kwamba watu wa Goma hawajui kila kitu.

Asubuhi moja wenye bunduki wakatangaza kwamba wanawake na watoto wapite kwenye kizuizi cha barabarani mpaka saa sita. Wanaume hapana. Baba akanisindikiza hadi kwenye gogo lililolazwa barabarani.

"Enda, mama. Usiangalie nyuma."

Nikainama, nikapita. Nilikuwa nikiwaza jinsi kichwa cha mtoto wangu kinavyonukia. Kwenye mteremko wa kwanza, kabla hata sijapotea machoni pa baba, unyayo ukakatika mara moja, bila kulia, palepale kwenye bulo. Nikaanguka chini na mfuko wangu.

Wanawake wawili walitua mizigo yao, wakanibeba. Hawakunibeba kwenda mbele, walinirudisha. Wangenibebaje hadi Bweremana? Siwalaumu. Baba alikuwa anasukumana na mwenye bunduki ili anifikie, na huyo akamsukuma kwa kitako cha bunduki hadi nilipovushwa gogo.

Baba akakichukua mkononi mwangu kile kipande kilichokatika, akakitazama. Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana kama kurasa za Biblia iliyonyeshewa, kuanzia pale nyundo ilipoangukia hadi kwenye tundu lake. Alizifungua kwa ukucha, moja baada ya nyingine.

"Ni bulo yangu njo imevunja?"

"Hapana, Papa. Ni majiwe ya barabara."

Uongo huo niliutunza mpaka tukamzika. Alinichongea mguu wa mti, mzito, uliolia kila hatua na haukuvunjika kamwe. Lakini barabara haikufunguka tena hadi misimu miwili ya mvua ikapita. Nilipofika Bweremana, mtoto wa kike aliyerefuka aliusikia mguu ule kabla hajaniona. Alinitazama, akakimbilia nyuma ya dada yangu, akamshika kitenge.

"Mama," akamuuliza, "huyu ni nani?"